Kaktasi zenye majani: mche upi ununue, upi uuache kitaluni

Tathmini hii inahusu miche mitano ambayo wauzaji huiita kwa jina moja la jumla, "kaktasi ya majani": Pereskia grandifolia, Leuenbergeria bleo, Pereskia aculeata, aina ya rangi ya hiyo aculeata iitwayo 'Godseffiana', na Pereskiopsis. Kwa mwenye haraka: bustani yenye nafasi inataka grandifolia, chungu cha barazani kinataka bleo, Godseffiana ni ya mtu asiyechoka kushika mkasi, Pereskiopsis ni kifaa cha kazi wala si pambo, na aculeata ya kijani iachwe hapo ilipo, isipokuwa unaitaka kwa mboga na una mahali pa kuibana. Sababu ni hizi.

Kwanza, je, ni kaktasi kweli?

Vitalu vingi huweka meza moja kila chenye miiba. Mmea unaouzwa sana kimakosa kama kaktasi ya majani ni Euphorbia milii ya Madagascar, ule mfupi wenye vijiua vyekundu na miiba shina zima. Kuutambua ni kazi ya sekunde moja: vunja jani. Likitoka utomvu mweupe, huo si kaktasi. Uko ukoo mmoja na mnyaa na muhogo. Jani la Pereskia likivunjwa hutoa ute mwangavu unaovutika kama mlenda.

Kisha tazama miiba inakotoka. Kwenye kaktasi yoyote, iwe na majani au isiwe nayo, miiba huchomoza kutoka kwenye kitako kidogo chenye manyoya laini, kiitwacho areoli. Kwenye Pereskia kitako hicho kimekaa katika kikwapa cha jani, na kinaweza kutoa miiba kadhaa kwa pamoja. Bogenvilia changa nayo ina mwiba kikwapani, lakini ni mmoja tu na hauna kitako cha manyoya. Muuzaji akikwambia ni kaktasi na hukioni kitako hicho, rudisha mche mezani.

Kuna mkanganyiko mwingine wa upande wa pili. Epiphyllum, ile inayofungua ua jeupe kubwa usiku mmoja tu, huitwa ya majani ilhali "majani" yake ni mashina yaliyotandazika. Si mbaya hata kidogo, ila matunzo yake ni tofauti na haimo katika tathmini hii. Rhipsalis baccifera pia haimo, ingawa inastahili kutajwa kwa heshima: ndiyo kaktasi pekee inayomea yenyewe Afrika bila kuletwa na mtu, ikining'inia juu ya miti ya misitu yenye unyevu, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwamo. Haina majani kabisa.

Kibandiko kinachoua

Kasoro kubwa ya bidhaa hii haimo kwenye mmea, imo kwenye maelezo yanayoambatana nao. Kibandiko cha kawaida cha kaktasi husema: jua kali, mchanga mtupu, maji mara moja kwa mwezi. Kwa mpungate ushauri huo unafaa. Kwa Pereskia ni hukumu ya kifo. Mmea wenye majani ya urefu wa sentimita 15 hupoteza maji kupitia majani hayo kila siku, kama kichaka chochote cha nchi za joto. Grandifolia asili yake ni mashariki ya Brazil, na bleo inatoka Panama na Kolombia, kwenye kingo za misitu yenye mvua za kutosha. Hakuna hata moja kati yake iliyozoea jangwa.

Makosa hufuatana kwa mpangilio unaotabirika. Mwenye mche anafuata kibandiko, mche unakauka, unapukutisha majani ili kujiokoa. Anaona umekuwa kijiti, anaogopa, anaanza kuumwagilia kila siku. Sasa hakuna majani ya kuvuta maji, udongo unabaki chepechepe, mizizi inaoza, na mmea ambao ulikuwa hai wiki mbili zilizopita unakufa kweli. Anayejua hufanya kinyume. Mche ukipukutisha, kwangua shina kwa ukucha: chini ya ngozi pakiwa kijani, u hai. Uweke kivulini, upe maji kidogo udongo ukikauka hadi kina cha kidole kizima, usiweke mbolea yoyote, na subiri areoli zitoe vichipukizi. Majani mapya yakifika urefu wa sentimita 3 au 4 ndipo urudi kwenye umwagiliaji wa kawaida.

Kawaida yenyewe ni hii. Chungu cha lita 10 barazani, pwani, wakati wa kaskazi, hutaka maji kila siku ya tatu au ya nne; kipupwe, mara moja kwa wiki. Usihesabu siku, tia kidole: sentimita 3 za juu zikiwa kavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Mche uliopandwa ardhini upewe lita 5 mara mbili kwa wiki kwa miezi mitatu ya mwanzo. Baada ya hapo mvua inatosha, ila kiangazi kikirefuka.

Udongo wa chungu: sehemu mbili za udongo tifutifu wa bustani, moja ya mboji iliyoiva, moja ya mchanga mkubwa wa mto au kokoto ndogo. Mchanga mwembamba wa kujengea uache, unaziba. Na mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi.

Pereskia grandifolia: nunua

Huu ndio mche bora wa kundi kwa mtu mwenye kiwanja. Ni kichaka au mti mdogo wa mita 2 hadi 5, majani manene yanayong'aa, maua ya waridi yanayokuja kwa vishada kwenye ncha za matawi, kumi na zaidi kwa kishada kimoja. Asiyejua hudhani ni waridi mwitu. Baada ya maua huja jambo ambalo peke yake lingetosha kuuza mmea huu: tunda lenye umbo la pea huota maua mapya ubavuni mwake, nayo yanakuwa matunda, hadi vinaning'inia vishada vya matunda juu ya matunda. Aina yenye vikonyo na majani madogo ya ua ya rangi ya zambarau, iitwayo violacea, ni nzuri kupita ile ya kawaida; ukizikuta zote mbili kwa bei moja, usifikirie mara mbili.

Shimo la sentimita 45 kila upande linatosha, nusu debe ya samadi iliyooza vizuri ichanganywe na udongo wa juu. Samadi mbichi huunguza mizizi. Panda mwanzo wa masika ili mvua ifanye kazi yako. Kichaka cha pambo kipewe mita 2 za nafasi. Kwa uzio hai, sentimita 60 hadi 75 kati ya mche na mche. Mche ukifika urefu wa goti, ukate kwenye sentimita 30. Mkato huo unauma roho, lakini bila huo utapata fito moja ndefu yenye majani juu na uwazi chini, na mbuzi atapita.

Malalamiko ya kwamba "haitoi maua" karibu yote yana sababu mbili. Ya kwanza ni mkasi. Maua hutoka kwenye ncha za matawi mapya, hivyo anayenyoa uzio kila mwezi ili unyooke anakata maua kabla hayajaumbika. Pogoa mara moja, mara tu wimbi la maua likiisha, kisha uache. Ya pili ni naitrojeni. Mbolea ya kukuzia ikimwagwa bila kipimo hutoa matawi marefu, laini, ya kijani kibichi, na hakuna ua. Kijiko kimoja cha chai cha NPK 17:17:17 kwa chungu cha lita 10 kila baada ya wiki 6 hadi 8, wakati mmea unakua tu, kinatosha. Ardhini, samadi kila mwaka inatosha na hiyo NPK uisahau.

Miiba ni suala la kweli, lisifichwe. Tawi changa lina miiba michache iliyonyooka na mnunuzi anaona ni mpole. Lakini areoli za kaktasi hizi haziachi kutoa miiba. Shina linavyozeeka ndivyo kila kitako kinavyoongeza, hadi shina kuu la mti mkubwa linakuwa na makumi ya miiba mirefu kwa kila kitako. Usiupande chini ya mita 1.5 kutoka njiani au mahali watoto wanapocheza mpira. Faraja ni kwamba Pereskia haina ile miiba midogo kama nywele ya mpungate, inayobaki kwenye ngozi siku nzima. Mwiba wa grandifolia ukikuchoma unauona na unautoa.

Pwani kuna tatizo la ziada. Udongo unaokaa juu ya mawe ya matumbawe una chokaa nyingi, na majani machanga hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Huo ni upungufu wa chuma: chuma kimo udongoni lakini chokaa inakizuia. Kuongeza maji hakusaidii, na NPK haisaidii. Tandaza mboji nene kuzunguka shina na nyunyizia chuma aina ya kileti kwenye majani jioni, kwa kipimo cha kwenye pakiti. Mwenye kupanda Zanzibar au Mombasa kwenye jiwe tupu ni afadhali atumie chungu kikubwa tangu mwanzo.

Leuenbergeria bleo: nunua, lakini kwa sababu iliyo sahihi

Ua la bleo ni la rangi ya chungwa inayoelekea nyekundu, rangi isiyopatikana kirahisi kwenye vichaka vya kivulini. Majani ni membamba kuliko ya grandifolia, kingo zake zina mawimbi, ncha imechongoka, na mashina machanga yana wekundu. Tunda ni la manjano likiiva, na juu yake ni bapa kana kwamba limekatwa kwa kisu. Hayo yote yana umuhimu kwa mnunuzi kwa sababu kwa miaka mingi grandifolia imekuwa ikiuzwa kwa jina la bleo. Ukitaka la rangi ya chungwa, nunua mche ulio na ua au tunda. Ahadi ya mdomo haitoshi.

Ukikuta imeandikwa Pereskia bleo, ni mmea uleule. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba Pereskia za kaskazini mwa Amerika ya Kusini, Amerika ya Kati na Karibi ni tawi lililojitenga na zile za kusini, na katika miaka ya 2010 zikapewa jina la Leuenbergeria, kwa heshima ya Beat Leuenberger, mtaalamu aliyeandika uchambuzi mkuu wa Pereskia mwaka 1986. Kwa mkulima tofauti hiyo si ya karatasi tu. Mashina ya Leuenbergeria hayana stomata, vile vitundu vidogo vya kupitishia hewa, na hufunikwa na gome mapema, kwa hiyo chakula chote kinategemea majani. Ukiiacha bleo ipukutike kwa ukame, inachelewa kurudi.

Kwa chungu haina mpinzani katika kundi hili. Chungu cha kipenyo cha sentimita 30, jua la asubuhi na kivuli cha mchana, na inatoa maua mawili matatu kwa zamu karibu mwaka mzima mahali pa joto. Haitaki baridi. Joto la usiku likishuka chini ya nyuzi 15 za Selsiasi inasimama kukua. Chini ya 10 inapukutisha. Kwa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hilo halikuhusu. Nairobi mwezi wa Julai, Arusha, na zaidi Njombe, iweke kwenye ukuta unaopata jua la alasiri au iingize ndani, na upunguze maji kwa nusu. Kwa wanaoishi Muscat shida ni kinyume chake: jua la mchana la kiangazi linaunguza majani, basi itundikie wavu wa kivuli wa asilimia 50.

Sasa ile sababu isiyo sahihi. Malaysia na Singapore majani ya bleo huliwa mabichi na hutumiwa kama dawa ya kienyeji, na kutoka huko umeenea uuzaji wa mche huu mtandaoni kama tiba ya saratani, kisukari na shinikizo la damu. Majaribio ya maabara juu ya seli si ushahidi kwamba mtu atapona. Muuzaji anayekupandishia bei kwa hoja hiyo anakuuzia hofu yako. Lipa bei ya ua.

Pereskia aculeata: mboga nzuri, jirani mbaya

Hapa hukumu inagawanyika. Huko jimbo la Minas Gerais, Brazil, mmea huu unaitwa ora-pro-nóbis, na ni mboga ya heshima: majani hukatwakatwa na kupikwa na kuku au mbavu za nguruwe, huliwa pamoja na angu, ugali laini wa mahindi. Mji wa Sabará una tamasha la mboga hii. Majani makavu yana protini inayokaribia robo ya uzito wake, ndiyo maana Wabrazili huiita nyama ya maskini. Neno hilo lisikudanganye. Jani bichi sehemu kubwa ni maji, na sahani moja haichukui nafasi ya maharage. Lakini kama mboga ya majani inasimama imara mbele ya kisamvu na mchicha, na anayependa mlenda au bamia ataipenda tangu siku ya kwanza.

Chuma majani machanga ya ncha, sentimita 3 hadi 7, kabla hayajawa magumu. Osha, chemsha dakika 2 au 3, mwaga maji hayo kwa sababu majani yana oksaleti kama yalivyo ya mchicha, kisha kaanga na kitunguu na kitunguu saumu. Asiyetaka ute ayaache mazima na ayakaange kwa moto mkali bila kufunika sufuria. Kadiri unavyokata ndivyo ute unavyotoka. Matunda madogo ya manjano hadi chungwa nayo huliwa, ni makali kidogo, yanafaa kwa jamu kuliko kutafunwa.

Vaa glovu za ngozi. Miiba ya matawi machanga ya aculeata imejikunja kama kucha, miwili miwili chini ya kila jani. Ndiyo inayouwezesha mmea kupanda, na ndiyo itakayoushika mkono wako: mkono unaingia vizuri, kutoka ndiyo kazi. Ukinaswa usivute nyuma. Sukuma mbele kwanza ili kucha ziachie.

Tatizo ni tabia yake ya kukwea. Ikipata mti inapanda hadi mita 10, inatandaza juu ya kichwa cha mti, inaula mwanga wote, na uzito wake huvunja matawi. Afrika Kusini, hasa misitu ya pwani ya KwaZulu-Natal na Eastern Cape, wameipigania kwa miongo. Huko iko kwenye kundi la 1b la mimea vamizi: kisheria ni lazima idhibitiwe, na kuiuza ni marufuku. Walileta mdudu mla majani Phenrica guerini mwaka 1991, kisha mdudu mfyonza mashina Catorhintha schaffneri mwaka 2014, na bado haijaisha. Sababu ni kwamba kila kipande cha shina kinachoanguka kwenye udongo wenye unyevu huota, na ndege hula matunda na kupeleka mbegu mbali. Aliyeona mpungate ulivyokula malisho ya Laikipia hahitaji kuelezwa zaidi.

Kwa hiyo: karibu na msitu, mto, au shamba lisilo na mtu, usinunue. Mjini, ndani ya ukuta, kwenye chungu cha lita 40 juu ya sakafu ya saruji, inakubalika kwa masharti. Ikate kila wiki 6 isizidi mita 1.2, jambo linalokupa ncha laini za mboga vilevile. Ukiona maua, furahia harufu yake siku mbili, kisha kata kabla hayajawa matunda. Mabaki usiyatupe kwenye mboji wala jalalani: yaanike juu ya bati au saruji mpaka yavunjike kwa vidole, ndipo uyachome. Tawi la aculeata lililotupwa kwenye majani makavu kivulini halifi, linasubiri mvua.

Godseffiana

Ni aculeata ileile iliyovaa nguo: majani juu ni ya dhahabu yenye wekundu wa embe bivu, chini ni ya zambarau. Picha za mtandaoni hazidanganyi, ila hazisemi kwamba rangi hiyo inakuja kwa mwanga mwingi tu. Kivulini inarudi kijani ndani ya miezi michache. Hata ikiwa juani hutoa tawi la kijani mara kwa mara, na tawi hilo lina nguvu kuliko mengine kwa sababu lina klorofili zaidi; usipoling'oa kwenye kikwapa lilikotoka, baada ya mwaka mmoja una aculeata ya kawaida uliyoinunua kwa bei ya juu. Miiba ni ileile ya kucha. Inakua polepole zaidi, nayo ni nafuu kubwa. Kwenye kapu la kuning'inia lenye jua la nusu siku ni pambo la kweli.

Pereskiopsis: kifaa

Hii ni jamaa ya karibu ya mpungate, kutoka Meksiko na Guatemala, na ina ile miiba midogo isiyoonekana inayowasha. Kwa uzuri haina cha kusema. Inanunuliwa kwa kazi moja: kubebeshea, yaani kuunganishia juu ya shina lake, vichipukizi vilivyoota kwa mbegu vya kaktasi nyingine zinazokua polepole. Kichipukizi cha Astrophytum kinachohitaji miaka kadhaa kufika saizi ya kutoa ua hufika upesi mno kikiwa juu ya shina hili.

Kata ncha za sentimita 8 hadi 10, ziache zikauke jeraha siku moja, chomeka kwenye mchanga na mboji nusu kwa nusu. Kwenye joto zinatoa mizizi ndani ya wiki mbili. Subiri zianze kukua kwa kasi. Kwa wembe mpya uliofutwa kwa spiriti, kata ncha ya shina pale palipo laini na kijani, kisha kata tena kipande chembamba sana ili uso uwe mbichi. Kata kichipukizi, cha milimita 2 hadi 6, juu ya mizizi yake, na kiweke juu ya shina mara moja huku duara la mishipa la kimoja likikatana na la kingine. Hakuna haja ya kufunga, ute unashika. Funika kwa mfuko wa nailoni siku 5 hadi 7, kivulini, kisha fungua kidogo kidogo. Kila chipukizi kitakachotoka kwenye areoli za shina king'oe, vinginevyo shina linajilisha lenyewe.

Kinachoharibu kazi hii mara nyingi ni kiu. Pereskiopsis ikikauka siku chache shina hugeuka gumu, halishiki kichipukizi tena, na kilichokwisha kushika hudumaa. Iweke na unyevu muda wote. Ukihitaji shina refu kwa ajili ya kaktasi ya Krismasi, tumia aculeata: shina la sentimita 30, ulipasue juu kwa kina cha sentimita 2, uchonge kipande cha kaktasi ya Krismasi pande zote mbili mpaka uti uonekane, ukitie kwenye mpasuko, na ukipigilie kwa mwiba wa aculeata yenyewe.

Ukifika kitaluni

Shika mche kwenye shina na uuvute taratibu. Ukitoka kama kijiti, umeuziwa kipandikizi kilichochomekwa jana. Bei yake iwe ya kipandikizi. Hakuna ubaya wowote kukinunua hivyo, maana kaktasi hizi huota kirahisi: kipande cha sentimita 15 hadi 20 chenye unene wa penseli, majani ya chini yakiwa yamenyofolewa, kikaushwe jeraha siku moja hadi tatu kivulini, kichomekwe sentimita 5 kwenye mchanganyiko wa mchanga na mboji, na baada ya wiki 3 hadi 5 kina mizizi. Wepesi huo ndio unaonifanya niseme kwamba bei ya "mmea adimu" kwa grandifolia au aculeata ni bei ya mdomo. Bleo iliyothibitishwa kwa ua, na Godseffiana yenye rangi nzuri, zina haki ya kugharimu zaidi.

Fungua vikwapa vya majani na utazame chini ya areoli. Unga mweupe unaonata ni vidung'ata, na kitako chenye manyoya kinawaficha vizuri sana. Sisimizi peke yao si dalili, kwa kuwa vitumba vya grandifolia na bleo hutoa utamu unaowavuta. Lakini sisimizi kwenye mashina yasiyo na vitumba maana yake kuna vidung'ata au wadudu gamba wanaofugwa. Kwa wachache, pamba iliyochovywa spiriti inatosha. Wakiwa wengi, nyunyizia maji ya sabuni, kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja, jioni, mara tatu kwa kupishana siku 7, kwa sababu mayai hayafi mara ya kwanza. Viriba navyo vipasue ukifika nyumbani: mizizi iliyojizungusha chini ikatwe kabla ya kupanda.

Anayeagiza kutoka nje ajue jambo moja ambalo wauzaji wachache hulisema. Karibu kaktasi zote zimo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ila Pereskia, Pereskiopsis na Quiabentia zimeondolewa humo kwa jina. Muuzaji anayekutoza ada ya kibali cha CITES kwa grandifolia anakutoza kisichohitajika. Kibali cha kuingiza mimea na cheti cha afya ya mimea ni jambo lingine, na hivyo vinahitajika: vinashughulikiwa na mamlaka ya afya ya mimea ya nchi, Kenya ni KEPHIS, Tanzania ni TPHPA, na vipate kabla kifurushi hakijatumwa. Walioko Ulaya na Amerika ya Kaskazini, agizeni kuanzia mwishoni mwa majira ya kuchipua. Kipandikizi cha bleo kilichosafiri siku tano kwenye baridi hufika cheusi, na hicho hata ukucha hautakikutia kijani.